Chungwa huanza kuozea kikonyoni

Mhariri,

Tangu Raila Odinga afariki dunia Oktoba 15, 2025, swali linalozunguka Malindi, kuanzia barazani hadi ndani ya tuktuk, ni moja: sasa ODM, chama alichokiongoza, ni ya nani? Dkt Oburu Oginga alikabidhiwa uongozi, Novemba chama kikaadhimisha miaka 20 kwa sherehe kubwa Mombasa, na kila mrengo ukaja na tafsiri yake ya lile ambalo marehemu angelitaka. Hayo ni mambo ya jukwaani. Nembo ya ODM ni chungwa, na muuza matunda yeyote sokoni atakwambia kwamba chungwa mara nyingi halianzi kuoza ubavuni pale mnunuzi anapobonyeza. Huanzia kikonyoni, ganda likiwa bado linang'aa. Kikonyo cha chama ni wadi, na huko ndiko barua hii inakotaka wasomaji wenu watazame.

Tuanze na hesabu za Kilifi, maana hazihitaji ushabiki. Mwaka wa 2017 ODM ilitwaa viti vyote 7 vya ubunge katika kaunti hii. Mwaka wa 2022 ikabaki na 4: Malindi, Magarini, Kaloleni na Kilifi Kusini. Rabai na Ganze zilikwenda kwa PAA, chama cha Amason Kingi ambaye alikuwa gavana wa kaunti kwa tiketi ya ODM yenyewe. Kilifi Kaskazini ikaenda UDA, chama cha William Ruto, pamoja na Owen Baya, aliyekuwa amechaguliwa kwa chungwa miaka 5 nyuma. Ugavana, useneta na kiti cha mwakilishi wa kike vilibaki nyumbani, kwa hiyo hakuna aliyepiga ukemi. Lakini tazameni vizuri. Viti 3 kati ya 7 vilipotea Raila akiwa hai, jina lake likiwa debeni, na Kilifi ikimpa kura nyingi kuliko mpinzani wake. Mpiga kura wa Ganze alichukua karatasi ya urais akamchagua Raila, kisha akachukua karatasi ya ubunge akachagua chama kingine. Kura ilikuwa ya mtu. Chama kilikuwa kimepanda mgongoni mwake tu, na mwaka wa 2027 mgongo huo haupo.

Anapohama mbunge au gavana, magazeti huandika kwamba chama kimepoteza kiti. Kinachopotea hasa ni watu kama 30 hivi ambao hakuna anayewaandika. Mwenyekiti wa wadi huondoka naye. Katibu huondoka na daftari chini ya kwapa. Mama anayeendesha kikundi cha akina mama cha kukopeshana, ambaye akisema Jumamosi kuna mkutano watu wanafika, naye huondoka. Kijana anayejua ni nani alikuwa wakala wa chama katika kituo gani cha kura uchaguzi uliopita huondoka na simu yake, na ndani ya simu hiyo ndimo ilimo orodha pekee ya mawakala. Makao makuu Nairobi yanaweza kuteua mwenyekiti mpya kwa barua ya aya moja. Daftari haliji kwa barua.

Pwani tumeyaona haya zamani. Ronald Ngala, mwana wa Kilifi, aliongoza KADU tangu 1960. Kilikuwa chama cha upinzani chenye hoja ya majimbo, yaani mikoa iwe na mamlaka yake, na hoja hiyo ilikuwa na mizizi huku. Baada ya kushindwa uchaguzi wa 1963, wabunge wake walianza kuvuka mmoja mmoja kuingia KANU, chama tawala, kila mmoja akisema anakwenda kuwatafutia watu wake maendeleo. Novemba 10, 1964 Ngala alitangaza kukivunja chama. Mwezi mmoja baadaye, Desemba 12, Kenya ikawa jamhuri na mamlaka ya majimbo yakaanza kubomolewa. Wengi husimulia kisa hiki kama usaliti au kama uzalendo, kutegemea msimuliaji ametoka upande gani. La maana zaidi ni kwamba siku ile Ngala aliposimama bungeni, hapakuwa tena na kitu cha kuvunja. Wabunge walikuwa wakiendelea kuondoka, na matawi yalikuwa yakiwategemea wabunge. Jina lilizuka tena nusu karne baadaye, KADU-Asili ikashinda kiti cha Kaloleni 2013, kisha likazama. Jina halikosi mtu wa kulisajili upya. Watu wa vijijini ndio hawasajiliki upya kirahisi.

ODM leo haijavuka mmoja mmoja. Ilivuka kwa mkataba. Machi 7, 2025 Raila na Rais William Ruto walitia saini makubaliano ya hoja 10, na kabla ya hapo, katikati ya 2024, viongozi wa ODM walikuwa wameshaingia baraza la mawaziri, akiwemo Hassan Joho wa hapa Pwani katika wizara ya madini na uchumi wa baharini. Kuna wanaoona hilo ni faida tupu. Si neno, mwenye bandari, chumvi na samaki ana haki ya kutaka waziri. Lakini chama kilichomo serikalini bila kuwa cha serikali kina tatizo moja la kila siku ambalo wakuu hawalisikii: katibu wa wadi hajui aseme nini. Mwaka wa 2023 alikuwa akiwaita watu waandamane dhidi ya gharama ya maisha. Mwaka wa 2025 anaambiwa atetee Serikali Jumuishi, yaani huo ushirika wa Ruto na ODM. Maskwota wa Magarini wanamuuliza habari za hatimiliki, naye akishambulia serikali anaonywa na waliomo ndani, akitetea anachekwa kwenye maskani. Basi ananyamaza. Tawi likinyamaza miezi 6, watu huacha kupita ofisini.

Na dalili za ofisi inayokufa huja kwa mpangilio. Kwanza kinakwisha kitabu cha risiti na hakuna anayeagiza kingine, kwa hiyo ada ya uanachama inakusanywa mkononi au haikusanywi kabisa. Halafu muhuri unahamia nyumbani kwa mtu mmoja. Kisha mikutano inaitishwa kwa ujumbe wa WhatsApp tu, na kumbukumbu za mkutano haziandikwi kwa sababu "zimo kwenye grupu". Mwenye nyumba anaanza kudai kodi. Mwisho bango la nje linapauka kwa jua na chumvi ya bahari mpaka chungwa linafanana na embe, na mlangoni pana kufuli. Mpita njia akifika kwenye kufuli anasema chama kimekufa jana, kumbe kilianza kufa siku kile kitabu cha risiti kilipokwisha.

Kodi inapodaiwa, wengi huuliza: mbona kuna Hazina ya Vyama vya Siasa? Ipo, na inafaa ieleweke inavyofanya kazi, maana ndiyo inayoficha ugonjwa. Sheria ya Vyama vya Siasa ya 2011 inataka hazina hiyo isipungue asilimia 0.3 ya mapato yanayokusanywa na serikali ya kitaifa. Kwa kila shilingi trilioni 1 ya mapato, hiyo ni bilioni 3. Kwa miaka mingi kilichotolewa kimekuwa pungufu, na hilo ni kesi yake peke yake. Tangu marekebisho ya 2022, asilimia 70 hugawanywa kulingana na jumla ya kura ambazo chama kilipata uchaguzi mkuu uliopita, asilimia 15 kulingana na wagombeaji wa makundi maalum waliochaguliwa, asilimia 10 kulingana na idadi ya wawakilishi waliochaguliwa, na asilimia 5 ni gharama za kuisimamia hazina.

Shikeni hapo kwenye asilimia 70. Fungu la leo linahesabiwa kwa kura za Agosti 2022. Tawi la Ganda au la Marafa likifa leo, pesa hazipungui hata senti mpaka baada ya 2027. Chama kinakula akiba ya kura ambazo baadhi ya waliozipiga wameshahama, na meneja wa fedha hana sababu ya kushtuka. Ni kama kisima ambacho maji yake yanaonekana mengi kwa sababu hakuna aliyetupia kamba kupima kina.

Kuna la pili ndani ya hesabu hiyo hiyo. Jumla ya kura inayotazamwa ni ya urais, ubunge, useneta, ugavana na udiwani kwa pamoja. Kwa hiyo kila mahali ambapo chama kinakubali kutosimamisha mgombeaji ili kumwachia mshirika, kinajikata chakula cha miaka 5 inayofuata. Wapangaji wa miungano hupenda kuongea juu ya kugawana maeneo kana kwamba ni hisani kati ya marafiki. Ukweli wake ni wa kimahesabu. Chama kikimwachia mshirika kiti cha ubunge, kura zote za kiti hicho zinatoka kwenye jumla yake. Kikimuunga mkono mgombea urais wa chama kingine, fungu kubwa kuliko yote linatoka. Na wadi ambayo haina diwani wa chama hupunguza pia viti vya kuteuliwa katika bunge la kaunti, kwa kuwa vile vinagawanywa kwa kufuata idadi ya wadi ambazo kila chama kimeshinda. Kilifi ina wadi 35. Anayekwenda kujadiliana Nairobi angebeba karatasi yenye wadi hizo 35, moja moja, na mbele ya kila moja aandike chama kinapoteza nini kikijiondoa.

Magarini ni mfano ulio karibu. Mwaka wa 2022 Harrison Kombe wa ODM alitangazwa mshindi kwa tofauti ya kura 21 dhidi ya Stanley Kenga wa UDA. Kesi ikaanzia Mahakama Kuu hapa Malindi, ikapanda hadi Mahakama ya Juu, uchaguzi ukabatilishwa, na kwa kuwa tume ya uchaguzi, IEBC, haikuwa na makamishna, eneobunge likakaa bila mbunge hadi uchaguzi mdogo wa Novemba 27, 2025. Safari hii UDA haikusimamisha mtu, Kenga akagombea kwa DCP, chama cha Rigathi Gachagua, na Kombe akashinda kwa urahisi. Viongozi wakapanda jukwaani kusema chungwa limerudi. Labda. Lakini uliposhinda kwa kura 21 ukiwa peke yako, kisha ukashinda vizuri ukiwa na chama kilichokupinga jana upande wako, hujajua bado wewe mwenyewe una kura ngapi. Huo ni ushindi wa kuazima, na mwenye mali anaweza kuja kuichukua.

Zile kura 21 zinastahili kutazamwa kwa karibu zaidi, kwa sababu ndipo tawi linapoonekana lina kazi gani. Kituo cha kupigia kura hakipaswi kuzidi wapiga kura 700. Eneobunge lenye wapiga kura 80,000, kwa mfano, litakuwa na vituo visivyopungua 115. Gawanya kura 21 kwa vituo 115: ni kura moja kwa kila vituo 5 na ushei. Kosa moja la kuandika 6 mahali pa 9, mara chache tu, linatosha kuleta au kuondoa mbunge.

Sheria inaruhusu chama wakala mmoja katika kila kituo kwa wagombeaji wake wote. Mtu huyo mmoja analinda masanduku 6 na fomu 6: 34A ya urais, 35A ya ubunge, 36A ya udiwani, 37A ya ugavana, 38A ya useneta na 39A ya mwakilishi wa kike. Anaingia kabla ya saa kumi na mbili asubuhi na huenda asitoke hadi alfajiri ya pili. Yanayoharibika ni yale yale kila uchaguzi. Orodha ya mawakala inapelekwa usiku wa mwisho, majina yana makosa, na asubuhi msimamizi wa kituo anawakataa watu mlangoni kwa sababu barua ya uteuzi ina jina moja na kitambulisho kina jingine. Au wakala ameletwa kutoka wadi nyingine kwa kuwa ni ndugu wa mgombeaji, hawajui majirani, hawezi kusema yule mzee aliyetajwa kwenye sajili alizikwa mwaka jana. Au chakula hakikuletwa, saa nne usiku anatoka kutafuta chapati, na akirudi 35A imeshajazwa. Anatia saini bila kuhesabu, kwa haya. Na lililo baya zaidi ni posho. Wakala aliyeahidiwa pesa jioni asizione, kisha akamwona mwenzake wa chama kingine amepokea mchana kwenye simu, hatauza kura. Ataacha tu kutazama. Hilo linatosha.

Tawi hai huwa na mawakala wake mwaka mzima kabla. Kila kituo kina majina 2, mmoja wa kuketi na mmoja wa kumpokea usiku. Wote ni wapiga kura wa kituo hicho hicho. Wanafunzwa kwa fomu halisi zilizorudufiwa, si kwa hotuba: wanajaza, wanajumlisha kura halali, zilizokataliwa na zilizopingwa, wanalinganisha na idadi ya karatasi zilizotolewa, wanapiga picha isiyo na kivuli, wanatuma. Mafunzo ya namna hii huchukua mchana mmoja kwa watu 20, na yarudiwe, kwa sababu mkono husahau.

Nikirudi kwenye daftari, maana huko ndiko nilikotaka kufika tangu mwanzo. Sajili ya wanachama siku hizi iko katika mfumo wa Msajili wa Vyama vya Siasa, na mtu anaweza kuangalia kupitia eCitizen yeye ni mwanachama wa chama gani. Mwaka wa 2021 Wakenya wengi walipoangalia walijikuta wameandikishwa vyama ambavyo hawajawahi kuvisogelea. Kwa hiyo usiamini idadi. Daftari la wadi linalofaa lina jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, nambari ya kitambulisho, simu, kituo cha kupigia kura, tarehe na saini au alama ya kidole ya mwenyewe. Lisilofaa hujitambulisha: majina 200 kwa mwandiko mmoja na kalamu moja, simu zimeachwa wazi, nambari ya kitambulisho moja ipo katika wadi mbili, marehemu wote bado wanachama. Ukichagua majina 20 kwa kubahatisha ukayapigia simu, nusu saa inakutosha kujua tawi lina watu au lina wino.

Kwa nini hili lichoshe watu hivi? Kwa sababu mchujo wa wagombeaji wa chama unakaa juu yake. Sheria inatambua mchujo wa moja kwa moja, ambapo wanachama wote waliosajiliwa hupiga kura, na ule wa kupitia wajumbe. Chama kisicho na sajili inayoaminika hakiwezi kufanya wa kwanza. Kikijaribu, hugeukia sajili ya wapiga kura ya IEBC, na hapo wafuasi wa vyama vingine huja kukuchagulia mgombeaji dhaifu. Wa pili pia hukwama, kwa sababu wajumbe walipatikana katika uchaguzi wa mashinani ambao nao ulihitaji sajili. Kinachobaki ni tiketi ya mezani Nairobi. Aliyenyimwa hana haja ya kubishana; anatazama kalenda. Katiba inasema mgombeaji wa kujitegemea asiwe mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi 3 kabla ya uchaguzi. Akijiuzulu mapema anasimama peke yake, na hubeba watu. Majirani zetu wa Lamu walimchagua mwakilishi wa kike asiye na chama mwaka wa 2022, kwa hiyo mpiga kura wa Pwani hahitaji tena nembo kuamua.

Lamu ina funzo jingine. Gavana Issa Timamy alishinda 2013 kwa chama cha UDF, akashinda tena 2022 kwa chama cha ANC, na mapema 2025 ANC ikavunjwa ikaungana na UDA, yeye akiwa ndiye kiongozi wa ANC. Siwalaumu Walamu. Nataka tu wasomaji wajue mlango huo uko sheriani. Mbunge akihama chama kwa hiari yake, kifungu cha 103 cha Katiba kinamvua kiti. Kanuni hii ina historia ya kuchekesha kwa uchungu: ilitungwa mara ya kwanza 1966 ili kuwarudisha kwa wapiga kura wabunge waliomfuata Jaramogi Oginga Odinga katika chama chake kipya cha KPU, na leo ndiyo inayowafungia ndani wabunge wa chama cha mwanawe. Lakini vyama vikiungana, aliyechaguliwa ambaye hataki chama kipya huendelea na muhula wake na ana siku 30 za kujiunga na kingine au kukaa bila chama. Kwa maneno mengine, chama kikiungana na kingine, kila mbunge wake huwa huru kwa mwezi mmoja. Wanaopendekeza ODM iungane na yeyote kabla ya 2027 wajue wanafungua zizi, si kulipanua.

Kufukuzana nako hakusaidii sana. Mwaka wa 2019 chama kilimfukuza mbunge wa Malindi wa wakati huo, Aisha Jumwa. Suala likaishia mahakamani, naye akamaliza muhula wake. Mwanachama ana haki ya kusikizwa kabla ya kuadhibiwa, na kamati ya nidhamu isiyo na kumbukumbu zilizoandikwa hushindwa asubuhi ya kwanza. Vivyo hivyo kwa mwanachama mwenye malalamiko: lazima aonyeshe kwamba alijaribu kwanza utaratibu wa ndani wa chama kabla ya kwenda kwa Jopo la Kutatua Mizozo ya Vyama vya Siasa. Kesi nyingi za mchujo hufa kwa kukosa karatasi moja, nakala ya barua ya malalamiko iliyopigwa muhuri wa kupokelewa, yenye tarehe. Ofisi yenye kufuli haipokei barua, kwa hiyo anayefika apige picha ya kufuli, atume barua kwa posta ya rejista na aweke risiti.

Hayo yanafanyika kwa pesa gani? Si nyingi kama wanavyodhani wanaosubiri Nairobi. Tuseme wadi ina wanachama 300 wa kweli, kila mmoja anatoa shilingi 20 kwa mwezi. Hiyo ni 6,000. Inalipa chumba kimoja mtaani, inanunua vitabu vya risiti na muda wa maongezi wa katibu. Haitoshi fulana, wala haifai itoshe. Mwanachama aliyetoa 20 zake huja mkutanoni kuuliza zimekwenda wapi, na swali hilo peke yake hufanya tawi liishi. Aliyepewa 200 aje mkutanoni haulizi kitu.

Uchaguzi mkuu ni Agosti 10, 2027, na watu wanahesabu miezi kutoka leo hadi siku hiyo. Wanahesabu vibaya. Orodha ya wanachama lazima iwe imefika IEBC siku 120 kabla, na mkataba wa chama cha muungano lazima uwe umewasilishwa kwa Msajili miezi 4 kabla. Vyote viwili vinaangukia Aprili. Kwa hiyo uchaguzi mdogo wa viongozi wa wadi palipo na mvutano ufanywe kwanza, kisha usajili upya wa wanachama nyumba kwa nyumba, kisha ukaguzi wa sajili ile iliyomo kwenye mfumo dhidi ya daftari, na haya yote yawe yamekwisha kabla ya Desemba 2026, kwa sababu Januari wazazi wanatafuta karo, na Ramadhani ya 2027 inaingia Februari hadi Machi. Aprili 10, 2027 ni Jumamosi. Anayepeleka karatasi kutoka Malindi awe Nairobi Alhamisi, azikabidhi Ijumaa asubuhi, na asiondoke bila nakala iliyopigwa muhuri.

Msomaji wenu,
Malindi